Kitambaa cha Ndege Mweupe

Siku ile bunduki zilinyamaza Kalembe yapata saa nne asubuhi, na Papa Nestor akafungua duka. Ndivyo alivyokuwa. Alikuwa mfanyabiashara wa kutoka Butembo, mwaka wa kumi na nane sasa hapo mpakani mwa Masisi na Walikale, na majirani walizoea kusema kwamba hata parapanda ikilia atauliza kwanza kama kuna mteja mlangoni. Alitoa komeo, akafagia plasta iliyodondoka ukutani, akasukuma kwa mguu maganda mawili ya risasi yaliyolala kizingitini. Wenye mji walikuwa wamebadilika tena. Wale wa jana walikimbilia msituni upande wa Walikale. Wale wa leo walishika shule juu ya kilima na daraja chini ya soko.

Binti yake Kyakimwa alikuwa nyuma ya meza akipima chumvi. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, mrefu, mwenye macho yanayokawia juu ya kitu kabla ya kukiacha. Asubuhi ile macho hayo yalikuwa barabarani, kwenye njia ya Nyamitaba, ambako kijana mmoja aliahidi kuja.

"Chumvi inamwangika," baba yake alisema.

"Samahani, Papa."

Hazikupita dakika mbili, Emérence akaingia mbio, kiatu mguu mmoja, kilemba shingoni. Alikuwa rafiki yake Kyakimwa tangu shule ya msingi. Alimvuta mpaka kwenye magunia ya muhogo, pembeni.

"Bamemukamata Rukundo," alisema, sauti imemkauka. "Kwa daraja. Balifungua mufuko yake, bakakuta kitambaa na kaye yake ya kuchora. Banasema iko alama ya bale ba jana, na majina yetu mule ndani ni majina ya vita. Bamemupandisha kwa shule. Kyakimwa, niliona damu."

"Damu ya wapi?"

"Ya mukono. Na kapiteni wao amesema mbele ya saa nane watakuwa bamemumaliza."

Kyakimwa alitazama nyuma kuona kama baba yake amesikia.

Kitambaa hicho kilikuwa na habari yake. Miaka miwili nyuma, mtu mmoja aliyekuwa akichaji simu za watu sokoni aliwapa vijana katuni ya Kijapani ndani ya kadi ndogo ya simu. Iliitwa Kisiwa cha Saba. Ilihusu watoto saba waliookoka bahari ilipomeza kisiwa chao, wakawa wanatangatanga juu ya mgongo wa ndege mkubwa mweupe, wakitafuta mahali pa kushuka. Kila mmoja alifunga kichwani kitambaa cheusi chenye picha ya ndege yule. Huko kwao Wajapani huenda ilikuwa hadithi ya kuchekesha watoto. Lakini Kalembe, Kingi na Nyamitaba, ambako mtu aweza kukimbia kwao mara nne kabla hajaota ndevu, vijana tisa waliitazama wakalia. Wakajiita Wanakisiwa. Wakashona vitambaa, wakajipa majina ya mule ndani, wakawa wanakutana Jumapili baada ya misa kutazama, kubishana na kuchora. Katekista akahubiri kwamba ni mapepo ya Wachina. Mama mmoja akachoma daftari la mwanawe. Basi wakaanza kujificha, na kujificha kukawafanya waonekane wabaya zaidi.

Mchoraji wao alikuwa Rukundo, mtoto wa wakulima wa Nyamitaba, aliyeishi kwa kuandika vibao vya maduka. Hata jina la Papa Nestor ukutani, jekundu lenye kivuli cha buluu, ni mkono wake uliolichora. Alikaa siku tatu juu ya ngazi akilichora, ingawa kazi ilikuwa ya siku moja, kwa sababu kila akigeuka alimkuta Kyakimwa dirishani.

Mwaka na nusu walikuwa wamependana. Nyumbani hakuna aliyejua lolote, si kitambaa, si kijana.

Kyakimwa alifuta mikono kwenye kitenge chake, akaenda chumbani, akatoa kitambaa chake chini ya godoro. Alirudi dukani akasimama mbele ya baba yake.

"Papa, munisikilize mpaka mwisho. Kisha mutafanya munachotaka."

"Nini tena?"

"Bamemukamata Rukundo, yule wa kuchora vibao. Banataka kumuua juu ya kitu kama hiki." Akaweka kitambaa mezani. "Na mimi niko nacho. Niko mumoja wao."

Papa Nestor alitazama meza. Alitazama kama mtu anayetazama nyoka aliyejikunja ndani ya kapu la mikate. Kitambaa cheusi cha kufunga kichwani. Miaka mitatu nyuma, kwenye barabara ya Pinga, watu waliofunga vitambaa vyeusi vichwani walisimamisha lori lake na kumshusha Muhindo, mwanawe wa pekee. Kilichorudi nyumbani ni viatu tu.

"Mumoja wao," alirudia.

"Si wao wale, Papa! Ni katuni, ni..."

Hakumaliza. Mita ya mbao ya kupimia vitenge ilimpata begani, kisha mgongoni, kisha kwenye mkono aliouinua kujikinga. Papa Nestor hakuwahi kumpiga tangu alipopata komunyo ya kwanza, na sasa alimpiga kana kwamba amekuwa akiweka akiba. Emérence alipiga kelele. Kopo la betri likaanguka, betri zikatawanyika sakafuni.

"Ndani ya nyumba yangu! Kwa meza yangu! Ndugu yako balimutupa mutoni kama mbwa, na wewe unafunga kitambaa yao!"

"Papa, haiko yao!"

"Nyamaza!"

Mita ilivunjika. Aliinua kipande kilichobaki, na mkono wake ukashikwa kwa nyuma. Mkewe, Mama Joséphine-Marie, alikuwa ametoka jikoni, mikono yake myeupe kwa unga wa muhogo mpaka kwenye viwiko.

"Nestor. Utamuua nani tena?"

"Uliza binti yako! Uliza!"

Mama Joséphine-Marie aliokota kitambaa. Na yeye aliwaona wale watu, siku ile alikuwa ndani ya lori. Alikigeuza, akakisogeza mlangoni kwenye mwanga, akapitisha kidole juu ya yule ndege, bawa moja, kisha jingine. Alikuwa mshonaji.

"Huu uzi ni wangu," alisema polepole. "Ni ile nyeupe nilitafuta Pasaka mpaka nikachoka. Na huu mushono ni wa mukono wako, Kyakimwa. Unavutaka uzi sana, nimekukataza." Akamgeukia mumewe. "Bale niliona kwa barabara walipasua suruali ya muntu bakafunga kichwani. Hakuna muuaji anakaa chini siku mbili kushona manyoya ya ndege. Acha mutoto aseme."

Kyakimwa alisema. Alisema akiwa amekaa sakafuni katikati ya betri, damu ikimchuruzika kwenye kiwiko, na maneno yakatoka yakigongana. Aliwaambia juu ya kisiwa kilichozama na watoto saba. Aliwaambia kwamba baada ya Muhindo alikaa miezi minane hataki kula, wala kuoga, wala kusali, na wao walidhani novena ndiyo iliyomponya.

"Kulikuwa siku moja muliniona nacheka jikoni. Mama, mulilia siku ile, munakumbuka? Nilikuwa nimeona wale batoto, nyumba yao yote imekwenda chini ya maji, na bado banagombania nani atalala karibu na shingo ya ndege. Nikasema, basi na mimi naweza. Njo hiyo tu, Papa. Hakuna pepo, hakuna bunduki. Tunapenda hadithi."

"Juu ya nini hukusema?"

"Mungenielewa?"

Papa Nestor alitazama betri zilizotawanyika. Kipande cha mita kilikuwa bado mkononi mwake.

"Na huyu kijana, ni nani kwako?"

Kyakimwa alimtazama mama yake, akatazama chini. "Ni... nahodha wa kundi. Ni rafiki."

"Basi Mungu amusaidie. Mimi sitakufa juu ya katuni. Bale bantu iko na kiu ya damu leo, na mimi niko na duka."

Hapo Mama Joséphine-Marie alisema neno ambalo halikuwahi kutamkwa ndani ya nyumba ile kwa miaka mitatu.

"Muhindo alikaa siku mbili hai mikononi mwao, Nestor. Nani alienda kumusemea?"

Inzi alisikika akizunguka juu ya sukari. Papa Nestor aliweka kipande cha mbao mezani, taratibu, kama kitu cha kioo. Alivaa koti lake la misa juu ya shati la kazi. Akamwambia Kyakimwa, bila kumtazama, "Osha ile damu. Ukikuja na damu watauliza."

*

Shuleni ubao ulikuwa bado na somo la juma lililopita, na madawati yalikuwa yakichomwa uani kupikia nyama. Maiti mbili zilifunikwa mabati kando ya choo. Kyakimwa alihesabu miguu: minne, yote na mabuti. Akashusha pumzi, akaona aibu kwa kushusha pumzi.

Rukundo alikuwa amepiga magoti chini ya bendera isiyokuwepo, kwenye mlingoti mtupu, amefungwa kamba kiunoni. Uso wake ulikuwa umevimba upande mmoja mpaka jicho limefunga. Mkono wa kulia ulikuwa juu ya mapaja yake, mweusi, vidole vimetazama njia ambazo vidole havitazami. Waliuweka juu ya jiwe wakaukanyaga, kidole kimoja kwa kila jina alilokataa kueleza. Jicho lililobaki lilipomwona Kyakimwa lilipanuka. Alitikisa kichwa kidogo sana: *ondoka.*

Kyakimwa alitikisa chake kidogo sana: *siondoki.*

Kapiteni aliitwa Benoît. Alikuwa kijana kuliko walivyotarajia, mpole wa sauti, na upole huo ulitisha kuliko kelele. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mwalimu, ile kaye, daftari la Rukundo, ikiwa magotini.

"Papa wa duka," alisema. "Munakuja kununua maiti?"

"Mon kapiteni, nakuja kusema ukweli. Huyu kijana si askari. Aliandika jina langu kwa ukuta. Hii mambo ya kitambaa ni mambo ya batoto. Binti yangu pia iko nayo."

Bunduki tatu zilimgeukia Kyakimwa kwa pamoja. Papa Nestor alisogea hatua moja, akawa katikati. Huenda yeye mwenyewe hakujua kwamba amesogea.

"Binti pia," Kapiteni Benoît alitabasamu. "Vizuri. Wewe dada, simama pale, mugongo kwa mulingoti. Asikuone, usimuone. Nitauliza kila mutu majina ya hii kaye. Mukikosana, naua wawili, na papa atabeba. Soruma ni nani?"

"Ni mupishi," Kyakimwa alisema. "Anapika mwani. Iko na mguu mumoja."

"Wewe?"

"Mupishi," sauti ya Rukundo ilitoka nyuma yake, nzito kwa damu. "Mguu mumoja. Anaogopaka radi."

"Hanemi?"

"Ni mudogo wa wote. Haongei. Anaongea tu na ndege."

"Haongei," Rukundo alisema.

Kapiteni aliuliza mara kumi na moja. Nani alikufa? Nani alimsaliti nani? Nani aliiba maji? Askari walikuwa wamesogea, wengine wamechuchumaa. Mmoja, kijana mwenye mkanda wa risasi mabegani, aliuliza bila kuombwa, "Na yule ndege hachokake?" Kapiteni alimtupia jicho, kijana akarudi nyuma. Lakini jasho lilikuwa likimtiririka Kyakimwa mgongoni, na maji ya chumvi yalichoma kila palipopita mita ya baba yake.

Kapiteni alifungua ukurasa wa mwisho.

"Hii si hadithi," alisema. "Hii ni ujumbe. Sikilizeni." Akasoma kwa sauti ile ile ya upole: "'Kwa Hanemi wangu. Siku tatu juu ya ngazi hazikunitosha. Kama Mungu anataka, mwezi wa sita nitakuja kwa baba yako na wazee wangu. Akinifukuza nitarudi. Akinifukuza tena nitaandika jina lako kwa kila ukuta wa Masisi mpaka wino wa dunia uishe. Nimekumbuka shingo yako pale unapoinama kupima chumvi.'" Aliinua macho. "Hanemi njo nani? Ngazi ni ya wapi? Mwezi wa sita kutafanyika nini?"

Papa Nestor alimgeukia binti yake. Aliuona uso wake, na uso ule ulisema yote.

Alitembea hatua nne mpaka kwenye mlingoti. Askari mmoja alikoki bunduki. Papa Nestor hakusikia. Aliinua kiganja kilichobeba magunia miaka kumi na minane, akakishusha kwenye shavu la Rukundo lisilovimba, na kofi likalia uwanja mzima.

"Mwizi! Siku tatu juu ya ngazi! Nilikupa ugali! Nilikupa maziwa! Nikasema huyu kijana anafanya kazi kwa uangalifu, kumbe unachungulia shingo ya binti yangu!"

Kisha yule mwenye mkanda wa risasi alicheka puani. Kapiteni Benoît alijaribu kukunja uso, pembe ya mdomo wake ikamsaliti.

Papa Nestor alikiona kicheko kile. Akavuta pumzi, akapiga tena upande ule ule, kwa mlio mkubwa zaidi.

"Na huyo baba yako wa Nyamitaba ataleta mbuzi ngapi? Sema! Mbuzi ngapi?"

Rukundo alitema damu. "Moja, Papa," alisema. "Zingine... zingine ziliibiwa."

"Na nani?"

Rukundo aliwatazama askari kwa jicho lake moja. "Sikuona sura."

Uwanja ulipasuka kwa kicheko. Mmoja alikaa chini kabisa akishika tumbo. Kapiteni alifunga kaye, akajifuta machozi kwa kidole gumba.

"Huyu si mwasi," alisema. "Huyu ni mukwe mubaya. Bebeni mutu yenu. Kaye inabaki. Nataka kujua ule mutoto asiyeongea atafika wapi." Kisha kicheko kikamtoka usoni kama taa iliyozimwa. "Na hivyo vitambaa muchome. Wengine hapa hawajuwe kusoma."

*

Kwenye kituo cha afya walimpa Rukundo vidonge viwili na wakasema mkono huo ni wa hospitali kubwa, na kwamba aende leo kabla barabara haijafungwa. Kyakimwa alichana upindo wa kitenge chake akaanza kuufunga, kidole kwa kidole. Rukundo hakupiga kelele, lakini kila fundo lilipokazwa alishika pumzi, na Kyakimwa akaishika pamoja naye.

"Balikupiga," Rukundo alisema. Alikuwa ameona alama kwenye mkono wake.

"Papa. Imepita."

"Juu yangu."

"Juu ya kitambaa. Juu yako ulipigwa wewe." Walitaka kucheka wote wawili, wakashindwa. Machozi yalimdondoka Kyakimwa juu ya bandeji, naye hakuyafuta. "Kwa nini hukubaambia tu majina? Vidole vitano, Rukundo!"

"La kwanza kwa orodha lilikuwa lako."

Aliinamisha paji la uso wake juu ya bega la kijana yule, pale mchana peupe, na muuguzi akageuka kutafuta kitu kabatini.

"Sitachora tena," Rukundo alisema kwenye nywele zake.

"Utajifunza kwa kushoto."

"Karatasi itateleza."

"Nitaishika mimi."

Mlangoni Papa Nestor alikohoa. Alikuwa amepata gari la mtu wa Butembo lililobeba mbao na lenye nafasi moja mbele, karibu na dereva. Moja tu. Alimwinua Rukundo chini ya makwapa, akampandisha mwenyewe, akamwekea mapajani mkate na chupa ya maji. Gari lilipoanza kusogea Rukundo alitoa kichwa dirishani, na kwa jicho lile moja alimtazama Kyakimwa mpaka kona ya mikaratusi ilipomficha.

Baba na binti walirudi kwa miguu. Milio ilikuwa imeanza tena, mbali, upande wa msitu, na wanawake walikuwa wakikusanya nguo kambani kwa haraka. Walipita soko zima.

"Papa," Kyakimwa alisema mwishowe. "Mulimupiga mara mbili."

"Nilimupiga."

"Alikuwa amefungwa. Alikuwa amevunjwa mukono."

Papa Nestor alisimama. Alitazama kiganja chake, akakigeuza, akakitazama tena kama kitu alichokiokota njiani.

"Ya kwanza ilikuwa hasira," alisema. "Sitakudanganya, ilikuwa hasira ya kweli, na kama ningekuwa na mita ningetumia mita."

"Na ya pili?"

Midomo yake ilikuwa ikicheza kama ya mtu anayetafuna kitu kigumu, na alipomtazama binti yake alikuwa mzee kwa miaka kumi kuliko asubuhi.

"Ya pili," alisema, "nilikuwa naomba Mungu isimuumize."